Kitanda cha Rilei Mbili

Machi 6

Mvua ya kwanza. Imekuja mchana bila hata kupiga hodi. Nimeanua nguo za wateja mbiombio, nikarudi ndani nimelowa chapachapa na kumkuta Fundi ameteleza kwenye mito, kidevu kifuani, anapumua kwa shida. Nikamkamata kwapani kumvuta juu. Hapo ndipo kiuno changu kilipolia, nilikisikia kabisa. Nikajikuta nimekaa sakafuni, yeye nusu kitandani nusu nje, tunatazamana kama abiria wawili walioachwa na gari.

Kila mtu humwita mume wangu Fundi, na mimi pia, tangu kabla hajanioa. Alikuwa fundi wa umeme wa magari mpaka kiangazi kilichopita, alipopooza upande wa kulia. Ulimi umerudi, ingawa mzito. Mkono haujarudi. Daktari alisema asilale chali kabisa, maana kifua kinajaa maji na chakula kinapotea njia. Wakati wa kula akae wima, wakati wa kulala ateremshwe kidogo. Kusema ni rahisi, daktari hamnyanyui yeye.

Jioni amepiga simu wifi yangu, dada mkubwa wa Fundi. "Mlete kwangu, wifi. Mimi nina vijana wa kiume nyumbani, watamnyanyua kama mto. Wewe utajiua bure." Nikamwambia asante, tunajiweza. Nilisema hivyo huku nimejishika kiuno.

Simtoi. Nimekaa na ukali wake miaka yote hiyo, leo amelegea ndiyo achukuliwe?

Machi 8

Mvua. Nimeshona kola tu.

Machi 9

Leo Fundi ameshinda akitazama kona moja ya chumba, ile yenye makorokoro yake. Nikadhani ameona panya. Saa ya chakula akasema, "Jeki."

"Jeki imefanya nini?"

"Chini ya kichwa cha kitanda. Mota ya waipa izungushe skrubu yake."

Nikaweka bakuli chini. Nikaona kabisa anachokiona yeye: jeki inafunguka, ubao wa mgongoni unanyanyuka, na mimi nimesimama pembeni sijashika kitu. Nikamuuliza nani ataifunga. Akautazama mkono wake wa kulia, akanitazama mimi. "Wewe."

Huyu ni mtu ambaye nikipita karibu na meza yake na ufagio alikuwa ananikodolea macho kama mwizi. Bisibisi yake sikuwahi kuishika. Nikamuuliza nitafute nini. Akasema mota, betri ipo, na rilei mbili za gari, za miguu mitano. Rilei ni nini? "Swichi." Basi si tununue swichi? "Rilei," akarudia, akafumba macho. Somo limekwisha. Vijana wote waliokuja kujifunza kwake walikimbia kwa tabia hiyohiyo.

Machi 13

Mchomeleaji wa barabara ya pili amekuja kupima kitanda. Ni mtu wa maneno mengi, naye Fundi ni mtu wa kuyahesabu, kwa hiyo chumba kilikuwa na uwiano mzuri. Atakata fremu ya kichwani na kutia bawaba ili ipande yenyewe. Yeye ndiye aliyenieleza rilei. "Ni kisanduku chenye sumaku ya waya, shemeji. Ukiipa moto kidogo wa umeme, inavuta ulimi wa chuma kutoka mguso huu kwenda ule. Kitufe kidogo kinaamrisha moto mkubwa. Kama mwenye nyumba mfupi mwenye sauti kubwa." Nimecheka mpaka kiuno kikaniuma.

Machi 14

Maji yameanza kupenya ukutani, upande wa kitanda. Nimeweka beseni.

Machi 17

Muuza spea kuukuu alikuwa na mota ya waipa, ile ya kupangusa kioo cha gari, nzima kabisa. Rilei za miguu mitano alikuwa nazo mbili, lakini moja ilinuka kuungua hata kabla hajaitoa mfukoni. Nyingine mpaka mzigo uje, na kwa mvua hii mzigo haujulikani. Nimerudi na moja. Fundi ameipindua mkononi, akaniuliza ya pili iko wapi. Nilipomwambia, alinuna kama mimi ndiye niliyeiunguza.

Asubuhi hii nimemnyanyua mara moja tu na nimeona nyota.

Machi 20

Kwenye kasha la Fundi, chini ya fyuzi zilizokufa, nimeokota rilei moja kubwa ya miguu minane. Ubavuni ina mchoro, na michoro ndiyo kazi yangu, nimesoma patani za nguo maisha yangu yote. Nikaukodolea macho mpaka chai ikapoa. Ndani mna ndimi mbili zinazohama pamoja. Sumaku ikiwa haina moto, mota inapata chanya huku na hasi kule. Ukiipa moto, ndimi zinahama, na ukiwa umeziunga waya kwa msalaba, chanya inakwenda kule na hasi inakuja huku, mota inageuka.

Nikaruka kutoka kitini. Ni kile kichuma cha cherehani yangu! Ukikibonyeza, mshono unarudi nyuma. Ukikiachia, unaenda mbele wenyewe. Basi swichi ikiwashwa, kitanda kipande na kikae juu. Ikizimwa, kishuke mpaka pale pa kulalia. Swichi ndogo za kikomo, moja juu na moja chini, zitaikatia mota moto kitanda kikifika. Rilei moja inatosha kazi ya mbili.

Nikampelekea mbio kama mtoto aliyepata namba moja darasani. Akaitazama rilei, akatazama karatasi yangu.

"Hiyo siyo."

"Kwa nini siyo?"

"Nimesema siyo."

"Basi nieleze, Fundi. Nina masikio."

Akageuza uso ukutani. Nilingoja. Mvua ikanyesha, beseni likajaa, nikalimwaga, nikarudi, bado uso uko ukutani. Nikajisemea moyoni, anaona wivu. Amezoea kuwa yeye tu ndiye anayejua, na sasa mwanamke wa sindano amesoma mchoro wake. Nimekasirika na bado nimekasirika. Nitaifunga.

Machi 22

Kimepanda!

Nimelehemu mwenyewe, vidole viwili vimeungua, na kimepanda. Mota inalia kama nzi ndani ya chupa, jeki inafunguka polepole, na Fundi anainuka kama bwana mkubwa anayeamka. Kikafika juu, tak, kikasimama. Nikazima swichi, kikateremka. Mchomeleaji alipiga makofi. Majirani wamekuja kuangalia, mmoja akaniuliza kama natengeneza na vya kuzalia.

Nimemlisha akiwa wima bila kumshika. Sikumbuki lini nilikula chakula changu kikiwa cha moto. Mteja pekee asiyefurahi ni mwenye kitanda. "Itashuka siku moja," alisema. Nikamwambia na yeye atacheka siku moja, tungoje tuone kipi kitatangulia.

Machi 25

Kimepanda, kimeshuka. Mvua.

Machi 28

Kimepanda, kimeshuka. Sare za shule zimenielemea, lakini kiuno kimetulia. Wifi amepiga simu, nikamweleza kitanda kwa kujidai kidogo. Akasema, "Wewe mwanamke!" Nikajua amevutiwa.

Machi 31

Ukuta wa upande wa kitanda umeota ukungu. Nimeupangusa kwa siki. Mvua haina adabu mwaka huu.

Aprili 4

Naandika kwenye benchi la zahanati.

Nilikuwa namlisha uji. Kitanda kiko juu, swichi imewashwa. Mteja akaita mlangoni, yule wa mashati ya kwaya, nikampa Fundi kijiko kimoja, nikasema nakuja. Tulikuwa tunabishana na mteja juu ya urefu wa mikono niliposikia mota. Nilifikiri nimesikia vibaya, maana swichi iko pale mezani kando ya ukuta, hakuna wa kuigusa. Halafu nikasikia kikohozi kikikatikia njiani.

Nilimkuta amelala, macho yamemtoka, uji mdomoni na puani, mkono mzima unapapasa hewani. Kitanda kilikuwa kimeshafika chini, kimetulia, kimemaliza kazi yake. Swichi ilikuwa imewashwa vilevile. Nikabonyeza, nikabonyeza, hakikupanda. Nikamgeuza ubavu, nikamtia vidole kinywani, nikampiga mgongoni. Mteja wa mashati ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la mchomeleaji. Midomo ya Fundi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Yuko hai. Wanamvuta maji kifuani. Muuguzi ameniuliza ilikuwaje, nikamwambia ameteleza. Sijui kwa nini nilidanganya. Ndiyo, najua. Niliona aibu.

Aprili 5

Nimepita nyumbani kuchukua shuka. Nimefungua swichi. Waya wa sumaku umeota kutu ya kijani pale unapoingia kwenye skrubu, unyevu wa ukuta umeula, umeachana. Basi. Moto ulikatika, sumaku ikaachia ndimi, na ikiachia inafanya kile nilichoiagiza mimi, inashusha. Haikuharibika. Ilinitii.

Nimekaa kwenye kile kitanda nikalia kwa sauti. Mvua inafaa kwa hilo, majirani hawasikii.

Aprili 7

Tumerudi nyumbani. Wifi nimemwambia kweli yote kwenye simu. Akasema bila kupandisha sauti, "Namchukua, wifi yangu. Usinielewe vibaya." Angekuja leo, lakini barabara imekatika kule bondeni, maji yamebeba kalavati. Atakuja siku magari yatakapopita.

Nimefungua mota kutoka kwenye jeki. Namnyanyua kwa mikono tena.

Aprili 9

Leo nimetaka kuutupa ule mzigo wote wa waya. Nilikuwa nimeubeba mpaka mlangoni Fundi aliposema, "Rudi. Kaa."

Nikakaa. Akahema sana kabla ya kuanza, na kila sentensi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Naandika yote, maana hajawahi kunizungumzia hivi.

"Yako haikuwa mbaya. Imefungwa vizuri. Lakini waya ukikatika, inashuka. Betri ikilegea, panya akitafuna, inataka kushuka. Kitu kinachobeba mtu, ukikiachia, kisimame. Kisifanye chochote."

"Cherehani nikiiachia inaenda mbele," nikasema.

"Cherehani haijabeba mtu."

Nikachukua chaki yangu na kitambaa cheusi, nikamwambia sema, nachora. Mota ina ncha mbili. Kila ncha ipewe rilei yake. Rilei zote zikiwa hazina moto, ncha zote mbili ziko kwenye hasi, mota imebanwa haiendi popote. Ukibonyeza kitufe cha juu, ncha moja inarukia chanya na kitanda kinapanda. Ukiachia, inarudi hasi, kinasimama papo hapo. Kitufe cha chini ni hivyohivyo kwa ncha ya pili.

"Na nikibonyeza vyote viwili?"

Upande mmoja wa mdomo wake ukanyanyuka. "Zote zinakwenda chanya. Haiendi. Hata ukiwa mjinga, haiendi."

"Asante kwa heshima," nikamwambia, naye akacheka, kicheko cha kukwaruza kilichoishia kwenye kikohozi. Nikamshika kifua mpaka kikatulia. Nikamuuliza nilichokuwa nacho kooni tangu zahanati. Kwa nini hakuniambia maneno haya siku ile? Akasema, "Sijui kueleza. Mimi nilifundishwa kwa makofi. Nikiulizwa kwa nini, naona kama natukanwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma mimi pia, miaka yote ile ya kupita na ufagio mbali na meza yake.

Aprili 12

Mvua kubwa. Nimefurahi. Sikuwahi kudhani nitaombea mvua.

Aprili 15

Muuza spea amepata rilei ya pili kwenye gari lililokuja kufia kwake. Nimeijaribu kwa betri palepale kabla ya kuipokea, ikasema tik, ikasema tik. Aliniuliza, "Mama, umeacha kushona?"

Aprili 16

Tumeshinda mezani, yeye kitandani akinielekeza, mimi na chuma cha kulehemu na waya wake wa risasi. "Usimwage risasi kama samli." "Hapo umeunguza, rudia." "Vuta waya. Vuta! Kama unaachana, uachane sasa." Mdomo umemrudia ukali wake wote, na safari hii haukuniuma. Kila kiungo nimekipaka nta ya mshumaa kuzuia unyevu. Waya za mota nimezifunga uzi mwekundu na mweusi, mshono wa msalaba, akasema hajawahi kuona upuuzi wa namna hiyo. Baadaye nilimwona anaugusa ule mshono kwa kidole.

Aprili 17

Wifi amepiga. Kalavati jipya limeshushwa, wanangoja maji yapungue. Nimemwambia huku bado inanyesha. Yalikuwa manyunyu.

Aprili 20

Kimekwisha. Sikumlaza yeye kwanza. Nimelala mimi. Nikabonyeza, nikapanda, nikaachia, kikasimama, nikamwambia mchomeleaji akate waya wa kitufe kwa koleo nikiwa juu kabisa. Akaukata. Hakikusogea hata unywele. Nikamwambia achomoe betri. Hakikusogea. Fundi alikuwa kwenye kiti, akituangalia bila kupepesa macho. Nikaunga waya upya, tukamlaza, nikamtia vitufe viwili kwenye mkono wa kushoto. Akapanda, akasimama, akapanda tena kidogo, akashuka kidogo. Akasema, "Eeh." Kwake hiyo ni hotuba.

Aprili 24

Anajipandisha mwenyewe saa ya kula. Mimi naweka bakuli tu. Mvua imekuwa ya kusuasua.

Aprili 27

Jua tangu asubuhi. Nimelichukia.

Macho ya Fundi yameingia ndani. Nimemuuliza kama kifua kinamsumbua, akasema hapana. Labda ni dawa.

Mei 1

Magari yanapita. Wifi anakuja kesho kutwa. Nimefua shuka, nimefagia uvungu, nimezikunja waya zote vizuri ukutani. Nataka akione kitanda chenyewe. Akikiona ataelewa.

Mei 3

Amekuja na vijana wake wawili na gari la wazi nyuma, godoro limeshatandikwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, sikuyahitaji. Alivua viatu mlangoni, akanikumbatia taratibu kwa sababu ya kiuno, akaniambia nimekonda kuliko mgonjwa. Kwa muda wote huu nilikuwa nimemfanya adui. Ni dada wa mtu tu, anaogopa kumzika mdogo wake.

Nikamwonyesha kitanda. Nilimweleza yote, sumaku, ndimi, hasi na chanya, nikamwambia alale. Akalala na kilemba chake, akabonyeza, akaachia, akabonyeza vyote viwili kwa pamoja maana nilimwambia hata hivyo hakiendi. Aliinuka, akarekebisha kilemba. Akasema, "Wifi, hiki umekitengeneza wewe?" Kisha akamgeukia mdogo wake pale kwenye kiti. "Mdogo wangu, mimi nilikuja kukuchukua. Lakini kama mambo yenyewe ni haya, sikulazimishi. Sema mwenyewe."

Nilikuwa natabasamu. Naandika hili kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Fundi akasema, "Twende."

Wifi akadhani hakusikia vizuri, akainama. "Twende wapi?"

"Kwako."

Nikamuuliza nimemkosea nini. Nilimuuliza mbele ya vijana, sikujali.

"Silali," akasema. "Tangu kianze kupanda tena, usiku silali. Nashika vitufe mpaka kunakucha. Najua hakiwezi kushuka. Nimekikagua waya kwa waya, nimekuona ukikikata. Nikifumba macho tu, kinashuka."

"Hakishuki, Fundi."

"Najua. Kazi yako haina kosa. Ningekuwa na mwanafunzi kama wewe nisingemfukuza." Akapumzika. "Naogopa, mama. Mwoga ni mimi."

Hajawahi kuniita mama, na neno naogopa sijawahi kulisikia kinywani mwake kwa habari ya kitu chochote, hata siku ile gari lilipomwangukia mguuni. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Kilichokuja ni kile kijiko cha uji. Nilimfungia godoro lake la kupumzikia, dawa, wembe, shati lake la kijivu. Wifi alikuwa analia jikoni akidhani simwoni.

Vijana walimbeba kweli kama mto. Wakampandisha garini, wakamwegemeza kwenye godoro lililokunjwa. Nikamfunika miguu. Akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akanivuta nisogee, nikainama kusikia.

"Chomoa betri," akasema. "Itakwisha bure."

Nikamwambia sawa, nitaichomoa. Gari likaondoka, na barabara ilikuwa imekauka kiasi kwamba liliacha vumbi.

Nimerudi ndani nikasimama mbele ya kitanda, nikafikiria aliloniambia. Rilei zile zikiwa zimeachiwa hazili betri hata chembe. Inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo, siku tuliyokuwa tukilehemu, na mtu huyu hajawahi maishani mwake kusema neno la kazi lisilohitajika. Basi hatarajii kurudi mwaka huu.

Nimeichomoa hata hivyo.